Gari Lililoogopa Asubuhi

Treni ya Kigoma huchukua siku mbili kutoka Dar es Salaam kama kichwa chake kina afya. Chetu hakikuwa nayo. Tulikaa Morogoro nusu siku tukisubiri kichwa kingine, tukasimama tena porini kabla ya Itigi bila kuambiwa tunasubiri nini, na tulipofika Tabora sisi wa behewa moja tulikuwa tumeshakuwa ukoo. Nilijua nani anakoroma, nani ana kesi ya shamba, na nani amebeba maembe na hana nia ya kugawa.

Sababu yangu ya kwenda Kigoma ilikuwa ngumu kueleza. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, elimu ya kidato cha nne, ufundi wa umeme wa magari niliouokota kwenye gereji za watu, na ugonjwa ambao mpaka leo sijaupatia dawa: nikikaa mji mmoja mwaka, naanza kuukumbuka ule niliotoka. Nilipokuwa Morogoro niliililia Tanga. Nikarudi Tanga, nikagundua kuwa mji niliokuwa nautamani kumbe ni Makambako. Kigoma nilikuwa sijawahi kufika. Nilichojua ni kwamba reli inaishia hapo, na anayetaka kuendelea mbele itabidi aogelee.

Mbele yangu alikaa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akirudi nyumbani baada ya kumsalimia mwanawe Dar. Siku ya kwanza aliniuliza kwetu, kabila, dini na kwa nini sijaoa. Siku ya pili maswali yalikuwa yamekwisha, ndipo akakiona kipimo changu. Ni kidude cheusi, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, na nilikuwa nimekitoa kwenye mkoba ili nikifute vumbi.

"Hiyo ni dawa ya mbu?"

"Hapana, Mama. Ni cha kupimia magari. Unakichomeka chini ya usukani, kinaongea na simu, simu inakwambia gari linaumwa nini."

"Kinaongea Kiswahili?"

"Kinatoa namba. Mimi ndiye najua maana yake."

Alifikiri mpaka tukapita stesheni nzima.

"Sisi tuna gari," akasema. "Liko nyumbani, Buzebazeba. Mwaka wa pili huu halijawaka. Mzee wangu analiosha kila Jumamosi."

"Limekufa kabisa?"

"Halijafa. Limekataa."

Tulipofika Uvinza, huku akipokea chumvi dirishani, alinipa masharti yote bila kuniangalia. Nyumba yao ilikuwa na chumba cha uani, kitanda kipo, neti ipo. Ningekaa humo na kula mezani kwao mpaka gari lipone. Nilimwambia magari mengi hupona kwa siku mbili. Akasema hata hivyo nitakuwa nimekula migebuka, samaki wa ziwa lao.

Mzee wake alitupokea stesheni akiwa amevaa kofia nyeupe yenye ukingo mweusi. Alikuwa mstaafu wa melini, miaka yake yote ya kazi ameimaliza kwenye chumba cha injini, chini ya maji ya ziwa, bila kuliona ziwa lenyewe. Nilimwamkia.

"Marahaba," akasema. "Wewe ndiye mwenye namba?"

Mama alikuwa ameshampigia simu.

Gari lilikuwa dogo, jeupe, la Kijapani, la otomatiki, limeegeshwa chini ya bati kando ya jiko la nje. Limeng'arishwa mpaka kuku walikuwa wakipigana na vivuli vyao kwenye mlango. Mzee alifungua boneti, akasimama pembeni na mikono nyuma kama mtu anayemwonyesha daktari mgonjwa wake.

"Injini ni mafuta, hewa na moto," alisema. "Nimeisikiliza. Injini ni nzima. Hizi nyaya ni za taa."

Nilimweleza kwa adabu kuwa siku hizi bila hizo nyaya hata mafuta hayatoki kwenye tangi. Aliniangalia kwa huruma, kama mtu aliyefika mbali kwa ajili ya jambo dogo.

Ugonjwa haukuwa mgumu. Mama aliwahi kusafirisha magunia ya dagaa kwenye buti, panya wakafuata harufu, dagaa walipokwisha wakahamia kwenye nyaya. Zilizobaki zilikuwa zimeshika kutu kwa hewa ya ziwa. Nikaunga, nikasugua, nikakaza waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi. Kila kichwa cha waya nilikipaka grisi nyeupe ya umeme kutoka kwenye kityubu changu. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mchele na kuangalia.

"Hiyo ya nini?"

"Inazuia kutu, Mama. Ukiipaka mara moja kwa wiki, hewa ya ziwa haiingii." Nikamwachia tyubu, kwa kuwa nilimwona ana moyo na kazi.

Siku ya tatu saa sita mchana gari likawaka. Mzee alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Halafu akampigia simu shemeji yake wa Kasulu, kaka wa Mama, na kuishika simu karibu na bomba la moshi.

Hapo inabidi nieleze habari za shemeji huyo. Miaka miwili nyuma Mzee alimtumia picha ya gari, siku lilipofika. Hata miezi miwili haikuisha, likakataa kuwaka, na tangu hapo kila Mama alipokwenda kwao alishuka kwenye basi. Ukoo mzima wa Kasulu ulikuwa na jina la gari lile: la pichani. Shemeji hakuwahi kumaliza simu bila kuuliza hali ya picha.

"Unasikia?" Mzee alipaza sauti.

"Nasikia mashine ya kusaga," sauti ikajibu. "Mnasaga muhogo au mahindi?"

"Shemeji, hilo ni gari langu."

"Sawa, shemeji. Basi vizuri. Mwezi wa saba mwanangu anaolewa. Hatutakodi gari. Utamchukua wewe bibi harusi, hapa nyumbani mpaka kanisani. Padri anataka awe mlangoni saa tatu kamili asubuhi."

"Saa tatu? Mimi nitamfikisha saa mbili na nusu."

"Haya. Watu wote watakuwepo," alisema shemeji, na nilivyosikia sauti yake nilijua hakuwa anatoa heshima, alikuwa anatega.

Baadaye, akiniwekea ugali wa muhogo, Mama aliniambia kwamba ameolewa miaka thelathini na tano, na hajawahi kushuka kwenye gari la mumewe mbele ya mama yake. Mama yake bado yuko hai, haoni vizuri, lakini mlango wa gari anausikia.

Niliamua kukaa wiki mbili zaidi ili nione mji. Nilikwenda Ujiji, nikanunua kanzu nisiyokuwa na kazi nayo. Nikaanza kufunga mkoba. Asubuhi moja ya wiki ya tatu, Mzee alivaa kofia akaenda kununua mkate kwa gari, umbali wa hatua mia mbili. Akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Akawasha taa ya kugeuka kushoto, waipa zikatikisika.

Nikafungua mkoba.

Nilipokunywa chai, nikaleta kipimo, nikakichomeka na kuwasha simu, jua lilikuwa limeshapanda. Nikamwambia Mzee ajaribu. Likawaka mara moja. Kipimo kikasema gari halina tatizo lolote.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Asubuhi lilikataa, nikifika na vifaa linakubali, kama mtoto anayepona kwenye mlango wa hospitali. Siku nyingine kipimo kilitoa namba moja, siku nyingine tano, na hakuna iliyorudi mara mbili. Nilishuku pampu ya mafuta nikang'oa kiti cha nyuma. Nilishuku swichi ya ufunguo nikavua usukani. Nilishuku kompyuta ya gari, nikaitoa nikailaza kwenye meza ya chakula juu ya kitambaa cha kufuma, na Mama akaifunika kawa ili nzi wasitue juu yake. Vijana wa mtaa walikuwa wameona mapema kuliko mimi kwamba halikubali kabla ya saa nne, wakalipa jina hilo hilo: Saa Nne. "Shikamoo Mzee. Saa Nne ameamkaje leo?"

Kwenye nyumba ya jirani alipanga mtumishi wa halmashauri, mtu wa Njombe aliyehamishiwa Kigoma na ambaye bado alikuwa akiutafuta uhamisho wa kurudi. Tulimwita Afisa. Kila asubuhi alipita akiwa na mkoba wa kazini, akasimama ukutani.

"Ni sensa," alisema.

"Sensa gani, Afisa?"

"Nimeona kwenye simu. Gari ikifanya hivyo ni sensa."

"Gari hili lina sensa kama ishirini, kila moja na kitu inachopima."

"Basi ni mojawapo," alisema, akaenda kazini akiwa ametimiza wajibu.

Mwezi wa sita ulipoingia mzaha ulipungua. Kutoka Kasulu simu zilikuja kila jioni. Shemeji alikuwa amepata habari za Saa Nne, sijui kwa nani, ila Kigoma na Kasulu hakuna habari inayokosa nauli. "Shemeji," alisema siku moja, "nimemwomba padri asogeze misa iwe saa tano, kwa ajili ya afya ya gari lako. Amekataa. Anasema yeye hana sensa." Mzee alicheka naye kwenye simu, akaikata, akakaa nje na kofia magotini mpaka chakula kikapoa. Mama alimwambia wanaweza kupanda basi tu, kama siku zote. Mzee aliinuka akaanza kuliosha gari, na haikuwa Jumamosi.

Kesho yake aliniletea daftari.

Kumbe tangu mwanzo alikuwa akiandika, kama alivyokuwa akiandika zamu zake melini. Kila alipozungusha ufunguo aliweka tarehe, saa, hali ya anga na matokeo. Matokeo yalikuwa mawili tu: "Imekubali" na "Imekataa". Kurasa kumi na moja, mwandiko wa kunyooka.

"Sikukupa kwa sababu wewe una mashine," alisema.

Nilisoma nikiwa nimekaa kwenye buti. Siku za joto kali lilikubali hata saa mbili. Siku za mvua lilikataa mpaka saa tano. Asubuhi moja ya mwezi wa tano lilikubali saa kumi na mbili, jambo ambalo nililishangaa mpaka nikaona ameandika pembeni: "Mama alikuwa anachemsha maharage." Jiko la nje lilikuwa hatua tatu kutoka kwenye boneti. Kipimo changu kilikuwa kimenipa namba miezi mitatu, na mzee wa injini alikuwa na jibu kwa kalamu ya bluu. Gari lilikuwa linaumwa baridi.

Lakini ni kitu gani kwenye umeme kinachoganda? Umeme haugandi. Nililala na swali hilo, nikaamka alfajiri nikaenda kukaa mbele ya gari na mita yangu ya umeme. Ndipo nikawaona sisimizi. Walitoka kwenye ufa wa ukuta wa jiko, wakapita chini ya kigoda, wakapanda tairi la mbele la kushoto na kupotelea juu. Mstari mwingine ulikuwa ukishuka, na wanaoshuka walikwenda polepole, kama watu waliotoka shughulini.

Nikafungua boneti, nikafuata mstari mpaka kwenye kisanduku cha fyuzi, nilichokisugua mwenyewe wiki ya kwanza na sikukifungua tena. Nikainua kifuniko.

Harufu iliyonipiga ilikuwa ya jikoni, nikasikia njaa. Kila fyuzi na kila rilei, vile viboksi vinavyopeleka umeme kwenye pampu na kwenye taa, vilikuwa vimesimama kwenye ute wa rangi ya chungwa, mgumu kama siagi. Nikachomoa rilei moja. Miguu yake yote minne ilikuwa imevaa soksi za mawese. Nikaenda kwenye waya wa ethi: mawese. Betri: mawese. Nilipochomoa vichwa vya waya vya kwenye injini, kila tundu lilikuwa limejazwa kwa uangalifu, hakuna lililopunjwa.

Mama alikuwa akiwasha moto.

"Mama," nikasema, "nani amepaka mawese kwenye gari?"

"Mimi." Hakugeuka hata kidogo. "Kila Jumamosi, Mzee akishaliosha. Ile tyubu yako iliisha wiki ya pili."

"Ungeniambia ninunue nyingine."

"Nikusumbue kwa nini, na debe zima la mawese liko ndani? Cherehani yangu naipaka mawese miaka ishirini. Bawaba za milango, mawese. Baiskeli ya marehemu baba, mawese. Watoto wangu wanne wamekua kwa mawese kifuani. Imewahi kukataa cherehani yangu?"

"Haina umeme, Mama."

"Na ndiyo maana haiumwi."

Aliponyamaza aliniona ninavyomtazama, akashusha kipepeo cha moto. Nilijaribu kumweleza taratibu. Mawese yakiganda yanakaa kati ya chuma na chuma, umeme haupiti. Jua likipanda yanayeyuka, chuma kinagusana, gari linawaka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa nayachovya kwa unyoya wa kuku," alisema kwa sauti ndogo. "Ili nisiache hata tundu moja. Nilitaka lipone kabla ya harusi."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Alikuja, akachungulia kisanduku, akaingiza kidole, akaonja.

"Ya mwaka huu," alisema. Halafu akamgeukia mkewe. "Melini ningekushusha bandari inayofuata."

"Na ungekula nini?"

Alifikiri. "Kweli," akasema, akaendelea kupiga mswaki.

Nilitumia petroli, miswaki minne na siku tatu kuliosha lile gari kutoka ndani. Mswaki mmoja ulikuwa wa Afisa, aliyeutoa mwenyewe ili awe na mchango, na nilipomwambia ugonjwa ulikuwa mawese alisema kwao Njombe angeligundua siku ya kwanza, kwa sababu kule mawese hayashuki kwenye chupa mpaka mwezi wa kumi. Kwa asubuhi saba Mzee aliamka saa kumi na moja na nusu, akazungusha ufunguo. Asubuhi saba aliandika "Imekubali". Siku ya nane vijana wakaanza kulalamika kwamba Saa Nne anawaamsha.

Masharti yalikuwa wazi: nikae mpaka gari lipone. Hakuna aliyeyataja. Nilipokusanya vifaa, Mama alisema mgonjwa akitoka hospitali anatazamwa kwanza. Mzee akasema safari ya Kasulu ina vilima, na chombo hakiendi safari bila mtu wa umeme. Nami nilianza kuikumbuka Makambako usiku, nikajua siku zangu zimekaribia, ila nilikubali kwenda harusini. Mkoba wangu wote niliuweka kwenye buti. Nilijiambia ni kwa ajili ya vifaa.

Tuliondoka siku moja kabla ya harusi. Mzee aliendesha kwa kasi ya meli, na tulipofika Kidahwe baiskeli mbili zilikuwa zimeshatupita kwenye mteremko. Mama alikaa mbele, mikono juu ya mkoba wake mpya, hakusinzia hata dakika moja.

Tukaingia uani kwa shemeji saa tisa alasiri. Ukoo wote ulikuwa nje. Sasa, Waha, wenyeji wa mkoa ule, hawasalimiani kwa haraka. Mtu anainama, anapiga makofi taratibu, anauliza habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, anajibiwa moja moja, ndipo anageukia wa pili. Pale walikuwepo watu kama arobaini. Mzee alishuka, akainama, akapiga makofi, na nyuma yake injini ilikuwa ikiendelea kunguruma.

"Shemeji, mbona hulizimi?" aliuliza shemeji, mtu mrefu mwenye koti la suti na kandambili.

"Linapoa."

"Gari hupoa likiwa linawaka?"

"La kisasa," alisema Mzee, akainama kwa mtu wa saba.

Mama yeye alikuwa hajashuka. Alisubiri mpaka bibi kizee mmoja alipoletwa kwa mkono na kuwekwa kwenye kiti karibu. Ndipo akafungua mlango, akashuka, akaufunga kwa nguvu kidogo. Bibi akageuza kichwa. "Huyo amekuja na gari," alisema, na Mama akapiga magoti mbele yake, akakaa hapo muda mrefu.

Gari lilizimwa saa kumi na moja jioni, mafuta yalipokaribia kwisha.

Kasulu ni juu, na mwezi wa saba asubuhi yake ina meno. Niliamka kukiwa na ukungu hadi magotini. Nilikwenda moja kwa moja kwenye gari, nikamkuta Mama amesimama kando ya boneti, amejifunga vitenge viwili na sweta la mtu. Aliinua mikono yote nikaona ni mitupu.

"Sijagusa," alisema. "Nimekuja kulilinda. Wameleta madebe manne ya mawese kwa ajili ya mapishi, na humu kila mtu ana huruma."

Saa mbili na robo bibi harusi alikuwa tayari, amekaa kiti cha nyuma na wasimamizi wawili na shangazi mmoja mwenye mwili. Nje walisimama wote, wamejifunika mablanketi. Nyuma ya nyumba niliona pikapu ya kukodi imefungwa maua, dereva wake anavuta sigara. Shemeji aliona nimeiona. "Ya kwaya," alisema.

Mzee akaingia. Akarekebisha kofia. Akazungusha ufunguo.

Kimya. Hata injini haikuzunguka. Taa za dashibodi ziliwaka, basi.

Akajaribu tena. Kimya. Katika mablanketi mtu mmoja akakohoa, mwingine akacheka kwa pua. Mama alikuwa upande wa pili, na sikuweza kumtazama. Nilikuwa nimesafisha kila kitu. Kichwani nilipitia rilei moja moja, kisha macho yangu yakashuka kwenye mkono wa kushoto wa Mzee. Kwa woga, mtu wa meli alikuwa ameweka gia ya kwenda mbele kabla ya kuwasha injini, na gari la otomatiki likiwa kwenye gia haliwaki. Limekatazwa na waliolitengeneza.

Niliinama dirishani kama ninayemuaga.

"Mzee, shikamoo," nikasema polepole. "Rudisha gia kwenye P."

"Marahaba," alisema kwa sauti ya watu wote. "Namwambia fundi kwamba nilikuwa nasikiliza kwanza." Akairudisha gia, akazungusha ufunguo, na gari likawaka kwa mshindo mmoja uliowafanya mbuzi wahame.

Vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia tena. Shemeji alitoa mikono mfukoni, akapiga makofi akiwa ameinama, yale ya kusalimia, kwa gari. Mama alikimbia kwa mwendo wa kitenge, akaingia mbele. Nami nikazunguka kwenda mlango wa nyuma, kwa sababu nilikuwa mtu wa umeme na chombo hakiendi bila mimi. Nikachungulia. Bibi harusi, wasimamizi, shangazi. Na gauni.

"Mwanangu, wewe utakuja na pikapu," Mama alisema, uso wake wote unacheka.

Nilichukua mkoba wangu kwenye buti. Likaondoka likipiga honi mpaka likaingia kwenye ukungu, na honi ikaendelea. Nilipozunguka nyumba, pikapu ilikuwa imeshaondoka na kwaya.

Kanisa halikuwa mbali. Ningeweza kutembea. Nilitembea kweli, mpaka pale njia inapogawanyika, upande mmoja kanisani na mwingine stendi. Gari lilikuwa limepona. Nilisimama hapo kidogo, nikasikia kengele, nikatazama saa. Bado dakika kumi iwe saa tatu. Nikaenda stendi, nikapanda basi lililokuwa linapiga debe la Kibondo.

Mama alinipigia mchana.

"Uko wapi? Chakula kimeanza. Shemeji anakutafuta, ana pikipiki yake haiwaki."

"Niko Kibondo, Mama."

Nyuma yake nilisikia ngoma, na Mzee akimweleza mtu habari za mafuta, hewa, moto na nyaya. Alizitaja nyaya. Mama hakuuliza Kibondo nimefuata nini, wala nitarudi lini.

"Umekula?" akauliza.

Nikamwambia nimekula. Nilikuwa sijala.